Sifa za Mwenye Orodha

Mei 2015, watu waliokwama Kagunga hawakukosa meli. Liemba ilikuwapo: chombo kilichoundwa Ujerumani mwaka 1913, kikazamishwa na Wajerumani wenyewe wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Kagunga ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Gari halikufika na gati halikuwapo, hivyo meli ilitia nanga mbali kidogo na abiria wakapelekwa kwa boti ndogo, watu wapatao 600 kwa safari. Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka ule walikuwa wamejazana ufukoni kwa makumi ya maelfu. Katikati ya mwezi, kipindupindu kikawakuta hapo hapo.

Ugumu ulikuwa kujua pa kuwashusha. Mjini Kigoma, uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika uligeuzwa kituo cha mapito. Kutoka hapo mabasi yaliwapeleka Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na ambayo tayari ilikuwa imejaa. Sasa piga hesabu. Ukiongeza safari za meli bila kuongeza mabasi, msongamano unahama ufukoni unakwenda uwanjani, na ugonjwa unahama nao. Ukiongeza mabasi kabla mahema na vyoo havijawa tayari, umeupeleka kambini. Ukisubiri kila kitu kikamilike, watu wanafia ufukoni. Lazima awepo mtu anayejua, asubuhi ya leo, boti ngapi zina mafuta, wagonjwa wangapi hawawezi kusafiri, mabasi mangapi yamelala Kasulu, na mahema mangapi yamesimama. Kipindupindu kile kiliua watu zaidi ya 30 kabla hakijadhibitiwa. Ni wengi mno kwa kila aliyefiwa, lakini kwa mazingira yale wangeweza kuwa maelfu.

Mtu huyo ndiye mratibu, nami nataka kumsifu.

Wengi humdhania kuwa bosi. Kweli, mkuu wa ofisi ya shirika jijini Dar es Salaam ana wafanyakazi, magari na saini ya benki. Lakini uratibu unaanzia pale wafanyakazi wake wanapoishia. Shirika linalochimba visima si lake, linaloleta unga si lake, na hospitali ya wilaya ni ya halmashauri. Ardhi ni ya nchi, na mkuu wa kambi anawajibika kwa Wizara ya Mambo ya Ndani. Azimio namba 46/182 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la Desemba 1991, lilianzisha cheo cha mratibu wa misaada ya dharura duniani, na humo humo likasema kwamba nchi yenye maafa ndiyo yenye nafasi ya kwanza katika kupanga na kusimamia misaada. Mratibu, basi, ni mtu mwenye wajibu mkubwa asiye na wa kumwamuru. Nguvu yake ni kuwa na orodha iliyo sahihi kuliko ya mwingine yeyote mle chumbani.

Orodha hiyo huanza na hesabu ndogo za mezani. Mwongozo wa Sphere, unaofuatwa na mashirika mengi ya misaada, unaweka viwango vya chini: maji lita 15 kwa mtu kwa siku, bomba moja kwa watu 250, choo kimoja kwa watu 20, chakula chenye kilokalori 2,100. Tuseme wamekuja watu 50,000. Maji yao ni lita 750,000 kila siku, yaani safari 75 za boza la lita 10,000. Vyoo ni 2,500. Unga, kwa gramu 400 kila mtu, ni tani 20 kwa siku, tani 600 kwa mwezi, na bado hujagusa maharage, mafuta na chumvi. Atakayeishia hapo ni karani wa hesabu tu. Mratibu anaendelea kuuliza. Boza moja linaweza kwenda kisimani na kurudi mara ngapi kabla ya jua kuzama? Dereva wa pili yupo? Maharage yakifika bila kuni yatachemshwa na nini? Mama aliyejifungua jana atafika vipi kwenye mstari wa mgao, na atabeba kwa chombo gani?

Nyuma ya maswali hayo ipo njia ndefu. Kontena likishuka bandarini Dar es Salaam halijafika popote. Kuna msamaha wa kodi wa kuombwa, kuna vibali vya kufuatiliwa dirisha baada ya dirisha, na gharama za kuhifadhi mzigo zinazohesabiwa kila siku. Kisha kuna zaidi ya kilomita elfu moja hadi Kigoma, na mvua zikishika, barabara ya vumbi inakuwa tope. Kuna pia masharti ya wafadhili: fungu la mablanketi halinunui sabuni, hata kama ghala limejaa mablanketi na watoto wana upele. Ofisi hodari huandika barua ya kuomba kubadilisha matumizi mapema, kabla ya upele, kwa sababu inajua jibu litachukua muda.

Kikao cha uratibu chenyewe, ukikiangalia kwa haraka, kinachosha. Chai ya thermosi, daftari la mahudhurio, kila shirika linasoma taarifa yake na kusifu kazi yake. Ukutani kuna jedwali: nani, anafanya nini, wapi, hadi lini. Wajumbe wengi hutazama visanduku vilivyojazwa, hasa vyao. Mratibu hutazama vilivyo vitupu. Anaona mashirika matatu yakichimba vyoo katika kanda moja iliyo karibu na barabara, na kanda ya bondeni haina hata moja. Hawezi kumwambia mtu "hama". Atasubiri chai, amsogelee mhusika pembeni: "Dada yangu, vyoo vyako ni vizuri sana, ila umevijenga penye vyoo. Kule bondeni wenzetu wanaingia vichakani. Nikikupatia gari la kubebea mbao, wiki hii utashuka?" Dada atashuka, na katika taarifa ya mwezi sifa zitakuwa zake, kama inavyostahili. Mratibu atafuta kisanduku kitupu kimoja kwenye jedwali na kutafuta kingine.

Mwaka 1994 ulionyesha tofauti inayoletwa na kazi hii. Mwishoni mwa Aprili, Wanyarwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia wilaya ya Ngara, Tanzania. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilikadiria kuwa watu 250,000 walipita kwa muda wa saa 24 hivi. Ngara haikukutwa mikono mitupu, kwa kuwa akiba ilikuwa imesogezwa karibu kwa ajili ya Warundi waliokimbia baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Jambo la pili ni lile ambalo halikupendwa na wengi: serikali ya Tanzania na UNHCR waliweka ukomo wa idadi ya mashirika ya kufanya kazi kambini, na kila moja likapewa eneo na jukumu lake. Julai ikafuata Goma, mashariki mwa Zaire ya wakati ule. Mamia ya maelfu ya Wanyarwanda waliingia kwa siku chache, wakakaa juu ya mwamba wa volkano usiochimbika choo wala kaburi, wakanywa maji ya Ziwa Kivu. Mashirika zaidi ya mia yalikimbilia huko, mengine yakiwa na uzoefu na mengine bendera tu. Mwezi wa kwanza ulikwisha na vifo karibu 50,000, vingi vya kipindupindu na kuhara damu. Goma ilikuwa na watu wengi zaidi na ardhi mbaya zaidi, kwa hiyo si haki kubebesha mashirika vifo vyote hivyo. Hata hivyo wahenga walishasema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama, na pale kilikwenda. Tathmini kubwa ya pamoja ya misaada ile, iliyotolewa mwaka 1996, ilichangia kuzaliwa kwa mradi wa Sphere mwaka uliofuata. Zile lita 15 na choo cha watu 20, ambazo leo kijana wa ofisi anazisoma kwenye simu yake, zimeandikwa kwa makaburi ya Goma.

Lakini orodha ina upande wake wa giza, na asiyeujua asiikaribie. Katika kambi zile za 1994, chakula mwanzoni kiligawiwa kupitia viongozi wa tarafa na vijiji waliokuja na watu wao, kwa sababu hapakuwa na njia ya haraka zaidi. Baadhi ya viongozi hao walikuwa wamesimamia mauaji ya kimbari wiki chache nyuma. Waliongeza majina hewa, wakauza ziada, wakawanyima waliotaka kurudi kwao. Mwenye orodha akawa ndiye mwenye kambi. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka makambini mwishoni mwa mwaka huo kwa kukataa kuendelea katika hali hiyo. Tangu hapo mratibu makini hauwekei saini mgao asioweza kuuhesabu kichwa kwa kichwa. Ni bora achelewe siku mbili akiandikisha kaya moja moja, kadi mkononi mwa mama mwenyewe, kuliko kuwahi na kumlisha muuaji.

Ukitaka kuuona ufundi huu kwa karibu, nenda ghalani lori linapoingia. Dereva anatoa hati ya mizigo: magunia 600 yalipakiwa. Makuli wanashusha, mtunza ghala anahesabu kwa mafungu, kila gunia la kumi anaweka kijiti chini. Mwisho anaandika: yamepokelewa 597 mazima, 3 yamechanika. Yaliyochanika yanapimwa kwenye mizani, unga uliomwagika unafagiwa pembeni na kuandikwa peke yake kuwa haufai kuliwa. Dereva anasaini, mtunza ghala anasaini, nakala moja inarudi na lori. Mali bila daftari hupotea bila habari. Yale magunia matatu, yasipoandikwa, mwezi ujao yatakuwa 30. Karatasi hiyo yenye vumbi ndiyo inayompa mkuu wa ofisi, kilomita elfu moja mbali, ujasiri wa kumwambia mfadhili: tulichopewa kimefika.

Inampa pia ujasiri wa kusema neno gumu zaidi: hakitoshi. Mwaka 2017 mgao wa chakula katika kambi za Kigoma, yaani Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, ulipunguzwa kwa kukosa fedha hadi karibu asilimia 60 ya kiwango kamili. Hakuna uratibu unaoweza kugeuza sahani ya nusu kuwa nzima. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba habari inatangulia njaa: viongozi wa wakimbizi wanaitwa kabla ya siku ya mgao, wanaonyeshwa hesabu yenyewe, wanauliza maswali yao yote, na uji wa lishe wa watoto na wajawazito unalindwa usiguswe. Ofisi inayoficha upungufu hadi watu waugundue kwenye mizani imewaibia mara mbili.

Wapo wanaosema kwamba haya yote ni vikao na makaratasi, na kwamba fedha za vikao zingenunua unga. Vikao vya bure vipo, wala sivitetei. Kikao kinachosoma taarifa na kufunga bila kukubaliana nani atashuka bondeni ni wizi wa muda. Lakini unga ulionunuliwa bila mtu wa kujua ni wapi haujafika hurundikana pale pale penye unga.

Tena makaratasi hayafanyi kazi bila watu wa mahali. Waha wa Kigoma na Warundi huelewana lugha zao kwa sehemu kubwa. Karani Mha anayemwambia bibi wa Kirundi "kaa kivulini, kadi yako nitakuletea" anafanya uratibu kwa dakika moja, bila mkalimani, kazi ambayo ingemchukua mtaalamu aliyeshuka na ndege jana asubuhi nzima. Ndiye anayejua ni kaya ipi imeondoka usiku, daraja lipi halibebi lori, na mzee yupi akikubali kijiji kizima kinakubali.

Ukitaka kumpima mratibu, basi, usimwombe takwimu za tani alizogawa. Hizo zipo kwenye taarifa zenye picha. Mwombe orodha ya yaliyokosekana: nani hajafikiwa, kwa sababu gani, nani ameahidi kwenda, na lini. Kama anayo, na imeandikwa leo, umempata fundi. Halafu angalia mkataba wake. Mara nyingi utakuta ni wa miezi michache, unakwisha pamoja na fungu la mradi, naye ataondoka na yote aliyoyajua ambayo hayakuingia kwenye jedwali. Ofisi inayomwita uti wa mgongo wake kwenye hotuba za kuagana ingemsifu vizuri zaidi kwa kumwongezea mkataba kabla ya ule wa kwanza kuisha.