Oili ya Kudumu na Kuungua

Fundi wa injini ya rotari akiletewa gari, huanza na kijiti cha oili. Haangalii kiwango peke yake. Anaisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha anainusa. Ikinuka petroli na kukosa uzito, anajua gari hilo lina safari fupi fupi na huzimwa kabla injini haijapata moto. Hajataja oili ya aina yoyote bado, na tayari ameshajua mwenye gari anaendeshaje.

Injini hii aliyoibuni Mjerumani Felix Wankel haina pistoni wala vali. Ndani yake huzunguka rota ya pembe tatu, na kila pembe ina sili nyembamba inayotambaa ukutani bila kupumzika. Hapo ndipo Mazda walipokwama kule Hiroshima. Kikosi cha wahandisi 47 chini ya Kenichi Yamamoto kilifungua injini za majaribio na kukuta kuta zimechanwa mikwaruzo, wakaiita kucha za shetani. Walihangaika na sili hizo hadi Cosmo Sport ikatoka mwaka 1967. Sili zimesifiwa sana, na kwa haki. Oili haijasifiwa vya kutosha.

Kwenye gari la kawaida, injini ikila oili ni ugonjwa. Hii ya rotari imeundwa kula oili: pampu ndogo huchota oili kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuidondoshea chumba cha moto ili sili ziteleze. Oili hiyo hiyo huipoza rota kwa ndani, na huzilinda beringi za shafti, ambayo huzunguka mara tatu rota ikizunguka mara moja. Yaani oili moja inatakiwa istahimili joto bila kuchoka, na papo hapo ikubali kuungua isiache kitu. Viongezi vinavyozilinda beringi vinaweza kugeuka majivu. Majivu yakiganda kwenye mfereji wa sili, sili inakwama na mgandamizo unapotea. Kwa hiyo fundi mzuri huuliza kwanza oili ikiungua inabakiza nini.

Namba za unene wa oili zilizoandikwa kwenye kopo zina ubishi wake. Kwa gari lao la rotari la RX-8, Mazda walipendekeza 5W-20 Marekani, na 5W-30 kwenye masoko mengine. Mafundi wengi wa nchi za joto hupanda hadi 10W-40. Kwangu, oili ya madini iliyo safi, inayomwagwa mapema, ni bora kuliko sinthetiki ya bei kubwa iliyoachwa ikachoka.

Wapo wanaochanganya oili ya tu-stroki kwenye petroli, kwa kuwa yenyewe ilitengenezwa iungue. Wengine huenda mbali zaidi: huikata pampu isichote tena kwenye sampu, wakaifungia katangi kake kenye oili ya tu-stroki tupu. Sampu inabaki na oili ya beringi, sili zinapata yao. Sijaona kazi ya gereji iliyofikiriwa vizuri kuliko hiyo.