Fisi Kafika Mlangoni Ndipo Kamera Ikaamka

Picha ninayoizungumzia imo katika video ya kujaribu kamera ya kutega. Usiku wa pili wa jaribio, pito la wanyama pembezoni mwa Mikumi, boma la mbuzi mgongoni kwa kamera. Fisi wa kwanza kunaswa ni pua tu, nyeupe kama unga wa muhogo, na jicho moja. Masikio yako nje ya fremu. Picha inayofuata ni majani. Mtangazaji wa video akatikisa kichwa, akatamka kwamba kihisi cha kamera hii ni kizito.

Kihisi hakina kosa. Kosa ni la mtangazaji mwenyewe, aliyeifunga kamera kwenye mti ikitazama pito kwa urefu wake, kama bunduki inayomlenga anayekuja.

Nimeirudia video mara tatu nikitafuta sababu, na sababu ipo: alitaka sura. Sura ya fisi, na fisi asipotokea, sura ya mwizi wa mbuzi. Hiyo ni akili ya mpiga picha wa harusi, ambaye bwana harusi anamsubiri. Kamera ya kutega haisubiriwi na mtu. Inaamshwa, na kinachoiamsha si lenzi, ni kihisi joto. Nimeliandika hili mara nyingi hata naona haya kulirudia, lakini nitalirudia.

Ndani ya kihisi kuna vipande viwili vilivyounganishwa kwa kupingana, kimoja kikivuta huku, kingine kule. Mbele yavyo kuna plastiki yenye mistari, lenzi ya Fresnel, inayoligawa eneo la mbele katika kanda nyembamba kama chungwa lililomenywa. Mwili wenye joto ukitoka kanda moja kuingia nyingine, kipande kimoja hupashwa kabla ya mwenzake, umeme unapanda na kushuka, kamera inafyatuka. Anayekatiza kwa ubavu anavuka kanda hizo moja baada ya nyingine. Anayekuja moja kwa moja anabaki katika kanda ile ile, akinenepa polepole machoni pa kihisi, mpaka awe karibu kiasi cha kuzijaza kanda zote kwa mpigo. Hapo ndipo kamera inaamka, na taa zake za infraredi, zilizokusudiwa kumulika mita nyingi za giza, zinamwagikia pua iliyo hatua mbili tu mbele. Weupe ule umetoka huko.

Fanyeni hesabu. Mtu anatembea mita 1.4 hivi kwa sekunde. Kamera yenye upeo wa nyuzi 50, ikikaa mita 5 kando ya njia, ina takribani mita 4.7 za njia mbele yake. Anayekatiza anatumia zaidi ya sekunde 3 kuzimaliza. Kamera inayojivuta kwa nusu sekunde bado itamkuta ndani ya fremu, mzima, na mkia wake. Na kama roho haitulii bila sura, igeuze kamera mshazari, nyuzi 45 na njia: uso unapata, ubavu unapata, na kanda zinavukwa. Kazi ya kulegeza mshipi na kuukaza tena.

Linaloniuma ni kwamba dalili aliipata mapema. Siku ya kwanza, saa saba mchana, alijijaribu mwenyewe kwa kuitembelea kamera uso kwa uso, na kile kitaa chekundu cha majaribio kikawaka alipokaribia kuigusa. Akacheka, akasema itakuwa sawa. Tena saa yenyewe aliichagua vibaya: saa saba mchana, kiangazi, udongo wa pito unaweza kuwa na joto karibu sawa na la ngozi ya binadamu, na hapo kihisi huona tofauti ndogo sana. Mlinzi mmoja wa msitu niliyewahi kufuatana naye alikuwa akingoja jua lishuke, kisha anatambaa kwa magoti na viganja mbele ya kila kamera, kwa kimo cha paa, kulia kwenda kushoto. Vijana walimcheka. Kadi zake za kumbukumbu hazikurudi na majani matupu.

Na baada ya pua ile, badala ya kugeuza kamera, akapandisha usikivu wa kihisi hadi mwisho. Matokeo: nyasi, nyasi, tawi, nyasi.

Mengine yalikuwa safi: kimo cha goti, taa za nanomita 940 ambazo mwizi hazioni zikiwaka, betri za lithiamu badala ya zile za kuchaji zenye volti 1.2 ninazozilalamikia kila mwaka. Dakika nzima ya kusifia megapikseli za kwenye boksi nitaisamehe, ingawa nyingi ya hizo huvimbishwa na programu.

Wakongwe hawakuwa na anasa hii ya kukosea. George Shiras, ambaye picha zake 74 zilitoka katika National Geographic mwaka 1906, alikuwa na uzi. Uzi unakatiza njia, basi. Hauna namna nyingine ya kutegwa. Mnyama akiugusa, baruti ya magnesi inalipuka na kulungu anabaki kwenye kioo. Enzi za filamu ya picha 36, kila fyatuo lilikuwa hela, na mtu alilizunguka pito nusu siku kabla ya kufunga mshipi. Na wanaotegwa si fisi na kulungu tu: kanu wa Unguja, ambaye picha zake za kwanza zilichapishwa mwaka 2003, na sange mwenye uso wa kijivu aliyenaswa na kamera za mtafiti Francesco Rovero huko Udzungwa mwaka 2005 kabla sayansi haijampa jina, ni wanyama wadogo, wepesi. Kwa ufungaji wa Mikumi, sange yule angekuwa ukungu.

Watanijibu kwamba mpiga picha Will Burrard-Lucas alimpata chui mweusi wa Laikipia, mwaka 2019, akiikabili kamera uso kwa uso. Naam. Lakini vihisi vyake vilikuwa mbali na kamera, vikiwasiliana nayo bila waya. Lenzi inatazama sura, kihisi kinatazama ubavu. Kamera yetu ya boksi moja haina uhuru huo.

Bado kuna suala la saa. Picha ya pua imeandikwa 02:14, na mtangazaji akaisoma saa mbili na dakika kumi na nne usiku. Ni saa nane, ndugu yangu. Mashine haihesabu saa zetu. Mwisho wa video kamera imeachwa pale pale, ikilitazama pito kwa urefu wake, na mlinzi wa boma ameagizwa awe macho kuanzia saa moja hadi saa tatu, kisha akalale.