Vyuma Visivyoguswa

Ilimba kubwa ya Wagogo ina vyuma ambavyo mpigaji havigusi. Vidole gumba vinafanya kazi katikati, penye vyuma vya wimbo. Vile vya pembeni vimefuliwa, vikapangwa na kupatanishwa ili vitikisike vyenyewe wenzao wanapopigwa. Juu ya matundu ya sanduku fundi hubandika utando wa buibui, nao huongeza mvumo unaobaki hewani baada ya kidole kuondoka. Nalipenda wazo hilo: mtu anatumia siku kadhaa kutengeneza kitu ambacho kazi yake yote ni kuitikia.

Ukitaka kuisikia kazi hiyo ikifanywa na binadamu, tafuta albamu ya *Assembly*, iliyotolewa mwaka 2002 na Real World, kampuni ya Peter Gabriel huko Uingereza. Jalada lina majina mawili. La kwanza ni Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa Dodoma mwaka 1938, bingwa wa ilimba na zeze, mwalimu wa wengi pale Bagamoyo. La pili ni Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Brook alikulia kisanaa karibu na Brian Eno, yule Mwingereza aliyetoa *Music for Airports* na kuupa jina muziki wa ambienti, yaani muziki unaoweza kuusikiliza kwa makini au kuuacha ujaze chumba huku ukiendelea na shughuli zako. Brook mwenyewe alibuni gitaa ambalo uzi wake ukishapigwa, umeme huufanya uendelee kulia bila kukoma hadi mpigaji aamue kuuzima.

Hebu fikiria hatari yake. Mtu mwenye chombo kisichonyamaza anakutanishwa na mzee ambaye sauti yake inapanda kutoka kifuani hadi kileleni kwa pumzi moja. Wengi wangeshindana naye. Tena ilimba imepatanishwa kwa kufuata sauti za asili za Kigogo, ambazo haziangukii sawasawa kwenye noti za piano. Prodyuza mwenye haraka angeinyoosha kwa mashine na kuipoteza. Ilimba ninayoisikia humu bado ni ya Kigogo. Brook anakaa pembeni. Analeta uzi mmoja mrefu chini ya sauti ya mzee, anausogeza kidogo, anauondoa. Alikwishajifunza adabu hiyo kwa kufanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan, mwimbaji mwingine ambaye ungemzidi kelele kwa hasara yako.

Siyo kwamba kila kitu kimenyooka. Kwa sikio langu kuna mahali midundo ya kompyuta inaingia kama mgeni aliyekosea harusi, na hapo natamani mtu angechomoa waya. Wapenzi wa ambienti halisi watasema pia kwamba albamu hii ina nyimbo mno. Wana haki. Hata hivyo, ni mara chache nimesikia wawili wanaotoka mbali hivi wakiachiana nafasi kiasi hiki. Zawose alifariki Desemba 2003, hivyo hatukupata nafasi ya kusikia wangefika wapi.

Albamu hii inafaa kusikilizwa hapa kwetu Mpanda, mkoani Katavi. Reli yetu, iliyofika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, inakupeleka taratibu hadi Kaliua, kisha Tabora, na ukiendelea mashariki unaingia nchi ya Wagogo kwenyewe. Behewa linagonga viungo vya reli, miombo inapita dirishani saa baada ya saa, na uzi wa Brook unaungana na chuma cha magurudumu hadi hujui kipi kinatoka kwenye spika za masikioni. Ambienti imetengenezwa kwa hali kama hiyo.

Na sisi tuna cha kurekodi. Hifadhi ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974 na ina kilomita za mraba 4,471. Kiangazi kikikolea, Mto Katuma hukatikakatika kuwa madimbwi, na viboko hubanana humo kwa mamia. Mmoja anakoroma, wa jirani wanadakia, kelele inashuka bondeni dimbwi kwa dimbwi. Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejulikana kama KMRU, amejenga jina duniani kwa kuanza na sauti za namna hiyo, zile zinazomzunguka, akizirekodi na kuzifanyia kazi polepole. Baada ya *Peel* ya mwaka 2020 alitafuta wenzake: *Limen* alitengeneza na Aho Ssan wa Ufaransa mwaka 2022, na *Disconnect* na Mwingereza Kevin Richard Martin mwaka 2024. Naye Kamaru alizaliwa mwaka 1997 tu. Ufundi huu haujafungiwa Ulaya, wala haudai studio ya mamilioni.

Kwa hiyo kijana wa Mpanda mwenye simu na programu ya kuhariri sauti, usingoje mfadhili. Septemba, lipa kiingilio cha hifadhi pale Sitalike, nenda na askari wa hifadhi, rekodi Katuma bila kuongea. Kisha mtafute mwenzako wa pili: mzee wa Kipimbwe au Kikonongo anayejua chombo chake, au mpiga ngoma wa Katumba au Mishamo, ambako Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walianza maisha upya. Mwache apige kwanza. Mlipe. Na albamu ikitoka, jina lake liandikwe juu ya lako.