Jirani Ndiye Aliyefungua Lango

Huku kwetu Bonde la Ufa, saratani ya umio hujitambulisha mezani. Kwanza ugali unakwama, kisha viazi, mwishowe hata uji. Mgonjwa wa Kuresoi au Sotik anapofika Hospitali ya Tenwek, Bomet, mara nyingi ugonjwa umeshapenya ukuta wa umio, na kinachobaki ni kumwekea mrija wa chuma unaojitanua ili ameze tena. Madaktari wa Tenwek walichapisha matokeo ya mirija hiyo katika jarida la Lancet Oncology mwaka 2009. Wameandika pia kuhusu wagonjwa ambao hawajafika miaka 30, umri ambao kwingineko duniani saratani hii ni nadra mno.

Tumebishana sana kuhusu chanzo: chai ya moto, mursik, chang'aa. Mimi leo nina swali jingine. Seli iliyoharibika hupataje njia ya kuondoka pale ilipozaliwa?

Sehemu ya jibu ilionekana Uingereza mwaka 1985, ndani ya sahani ya maabara. Michael Stoker na mwenzake Perryman walikuza seli za utando, zile zinazoshikana bega kwa bega kama vigae. Kisha wakazimiminia maji ya lishe ambamo seli za tishu unganishi, jirani zao mwilini, zilikuwa zimekuzwa. Seli hizo hazikutiwa. Ni maji yao tu. Vikundi vikafumuka. Kila seli ikajinyoosha, ikashika njia yake.

Uzuri wa jaribio uko katika kile walichokiacha nje. Kama jirani hayupo na bado amri yake inatekelezwa, basi amri hiyo imeyeyuka majini na inaweza kutafutwa. Wakaiita kitawanyishi. Mwaka 1991 ikabainika kwamba ndicho kile kichocheo ambacho watafiti wa Japani walikuwa wamekifahamu kwa kuzidisha seli za ini. Ujumbe ni mmoja, lakini seli moja huusikia kama "ongezeka", nyingine kama "ondoka". Mwili wenyewe huutumia kufunga vidonda. Saratani haikubuni chochote.

Kichocheo hicho kikinasa kwenye kipokezi kiitwacho MET, vimeng'enya vya ndani huamshana kwa zamu. Protini ya kadherini, iliyokuwa gundi kati ya seli, hupungua. Nyuzi za aktini husukuma ukingo wa seli mbele, na vimeng'enya vingine hukata kolajeni iliyo njiani. Umio nao hauna utando wa nje kama ule wa utumbo, na mishipa ya limfu hupita kwa urefu chini tu ya ngozi yake ya ndani. Seli iliyojinasua hukuta barabara imeshachongwa.

Kumbe si rahisi kumziba jirani mdomo! Dawa ya rilotumumab ilitengenezwa kukinasa kichocheo hicho kabla hakijafika kwenye MET. Ilipojaribiwa kwa saratani za tumbo na za pale umio unapoungana nalo, jaribio lilisimamishwa mwaka 2014 kwa sababu vifo vilizidi upande wa waliopewa dawa. Saratani hizo ni za tezi, si za seli bapa kama nyingi za Bomet, lakini onyo lipo: sahani ya Stoker ilikuwa na sauti chache, mwili una soko zima la sauti.

Hata hivyo, dawa nyingine, trastuzumab, ilifaulu katika saratani ya matiti kwa kuchagua nani apewe: mwanamke ambaye uvimbe wake umejaza kipokezi cha HER2 kupita kiasi. Kipimo chake husomwa kwa rangi kwenye kipande chembamba cha nyama, kutoka 0 hadi 3+. Kwa hiyo nikisikia mama wa Njoro au Gilgil amefanyiwa biopsi ya titi mjini Nakuru, la kwanza kuuliza huwa ni chupa. Kipande kiliingia formalini mara moja, kikakaa kati ya saa 6 na 72? Kikichelewa, protini huharibika, na rangi inaweza kusema sifuri mahali ambapo kipokezi kilikuwa kimejaa.