Mkono Ulioshika Demani

Anayewasifu mabaharia wa Lamu mara nyingi huanza na mashindano: mashua zimelalia ubavu, vijana wamening'inia juu ya ubao upande wa upepo, pwani imejaa vifijo. Mimi nawasifu kwa safari isiyo na watazamaji: kurudi kutoka Kiwayu mwezi wa Julai, kusi imekaza, na chomboni wamo wageni waliokuja kutembezwa visiwani.

Kwenda Kiwayu msimu huo si kazi, kwa kuwa kusi yenyewe inakisukuma chombo. Kurudi ni bisho, kwenda kinyume cha upepo, mtindo mmoja. Kila mashua inapogeuzwa, tanga huzungushwa mbele ya mlingoti, foromali, boriti inayobeba tanga, ikahamia upande wa pili, na magunia ya mchanga, ambayo ndiyo farumi, yakabebwa kwa mikono hadi upande wa goshi, unakotoka upepo. Wakati huo chombo hakina mwendo, na wimbi likikikuta hapo linakiyumbisha litakavyo. Kwa hiyo nahodha husubiri. Mawimbi makubwa huja kwa mafungu. Huyaacha yapite, kisha ndipo anapoita watu wake.

Lakini jambo ninalolipenda kuliko yote ni demani, kamba ya kukazia na kulegezea tanga. Keti karibu na tezi uitazame. Haifungwi fundo hata siku moja. Hupigwa mzungo mmoja kwenye kigingi, na ncha yake iko mkononi mwa baharia, mkono wenye sugu nyeupe kwa chumvi. Dharuba inapokuja, maji kule mbele hugeuka rangi ya kijivu na kujaa povu. Nahodha, kana, yaani mpini wa usukani, iko kwapani, anasema neno moja tu: "Legeza." Kamba inatoka kiasi cha pima, tanga linapigapiga, na mashua iliyokuwa inachota maji inainuka.

Kuvuta, kijana yeyote mwenye kifua anaweza. Kulegeza kwa kiasi ndiko ufundi. Ukitoa kidogo mno, mnapinduka. Ukitoa kupita kiasi, mwendo unakufa, usukani hausikii, na chombo kinalipa wimbi ubavu wake. Kipimo hicho hakimo kwenye chuo chochote nikijuacho. Mtu hukipata mwilini, tangu utotoni alipokuwa akikumba maji ya ngama na kusikia chombo kinavyolalamika.

Nao ufundi huo huo uko katika kuchagua njia. Nahodha hupita ndani, nyuma ya Ndau na Pate, visiwa vikimkinga. Panapotisha ni pale uwazini kati ya Pate na Manda, ambako bahari kuu huingia bila kizuizi. Akishavuka, mbele yake uko Mkanda, mfereji wa mikoko kati ya Manda na bara, ambao zamani ulitaka maji yawe yamejaa. Aliyewahi mno alikwama matopeni. Njia ya nje, kupitia mlango wa Shela, ni mbaya zaidi maji yanapokupwa: mkondo unatoka, kusi inaingia, na mawimbi yanasimama kama kuta.

Basi zamani hizo nahodha alitia nanga kwenye kivuli cha kisiwa, jiko la makaa likawashwa, wali ukapikwa. Wageni walitazama saa. Kulikuwa na ndege ya kuwahi. "Tule kwanza, jamani, maji yajae," aliwaambia, wala hakutetereka. Walipofika Lamu walimpa bakshishi kwa jinsi alivyoikata ile dharuba. Mimi ningempa kwa zile saa alizokataa kung'oa nanga.