Mdundo wa Ralanti

Nimechoshwa na sifa za bure. Majuzi pale karibu na ziwa, vijana walikuwa wameizunguka Corolla Levin nyekundu, AE92 yenye injini ya 4A-GE, boneti juu, wakimpongeza fundi aliyetengeneza ralanti yake. "Sikiliza, haitetemeki kabisa!" Nikachungulia dashibodi. Mshale wa RPM umeganda kwenye 1,300. Huo si ufundi. Mtu alikaza skurubu ya throto mpaka ugonjwa ukafunikwa na kelele, akachukua pesa yake, na mwenye gari sasa anachoma petroli ya ziada kila anaposimama, katika mji huu wa Bujumbura ambao watu wanalala kwenye foleni ya mafuta.

Injini ile ikishapata moto inatakiwa kutulia kwenye 800, izidi au ipungue 50. Na iwe na mtetemo mdogo unaousikia kwenye usukani. 4A-GE iliyonyamaza kabisa imeshachezewa. Sihitaji kufungua kitu kulijua hilo. Plagi ziwe NGK, basi. Na ralanti ihukumiwe asubuhi, injini ikiwa imelala baridi, kisha ifuatiliwe mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima. Anayekuonyesha gari ambalo ameshalipasha moto ana la kuficha.

Mtetemo usio na mpangilio ni silinda inayomisi: angalia kepi ya distributa, waya za plagi, na kwa siku hizi zetu, mafuta yenyewe. Petroli ya bidoni iliyopita mikono mingi mara nyingi imeingia maji. Ukisikia mluzi kwenye manifoldi, kuna gasketi au mpira unaovuta hewa. Hayo fundi yeyote wa Buyenzi anayamaliza kabla ya adhuhuri.

Ugonjwa unaowashinda ni ule wenye mdundo. Mshale unapanda mpaka karibu 1,800, unaanguka, unapanda tena, unaanguka, kwa mwendo uleule, bila kuchoka. Vijana wanasema kompyuta imekufa, wanakwenda Quartier Asiatique kutafuta nyingine ya mtumba. Kumbe mdundo ule ndio ushahidi kwamba kompyuta ni nzima. Sensa ya throto inaiambia kwamba mguu haupo kwenye mafuta. Yenyewe inaona mizunguko imezidi, inakata petroli. Mizunguko ikishuka, inairudisha. Lakini hewa ya ziada bado inaingia, kwa hiyo injini inapanda upya. Cha kutafuta ni hewa hiyo inakopitia.

Inapita kwenye vali ndogo iliyofungwa chini ya throto. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi, nta imesinyaa, vali iko wazi, hewa inaongezwa ili injini isizime. Maji ya injini yakipata moto yanapita hapo, nta inavimba na kuifunga njia. Sasa maji yakipungua, au hewa ikinaswa ndani ya mipira, ule moto haufiki kwenye vali. Unaweza kuendesha kutoka Gatumba mpaka Kamenge, injini ina moto kamili, na vali bado inadhani ni alfajiri.

Mzee mmoja wa Buyenzi, aliyejifunza kazi enzi za kabureta, nilimwona akilimaliza jambo hili bila mashine yoyote. Alishika mpira wa juu wa rejeta, akautoa mkono haraka. Akashika ule mwembamba wa maji unaoingia kwenye throto: vuguvugu tu. "Maji," akasema. Kisha akafunga kitambaa kwenye koleo na kubana mpira wa hewa wa ile vali. Mizunguko ikashuka papo hapo, mdundo ukakoma. Injini yenye moto haitakiwi kushtuka ukiubana mpira ule. Ikishuka, vali iko wazi.

Matapeli nao wanaujua mpira huo. Nimekuta umezibwa kwa kipande cha bati: mchana gari linapendeza, asubuhi ya pili linazima kila ukiliwasha. Wengine wanachomoa soketi ya sensa ya throto. Kompyuta haijui tena kwamba mguu umetoka kwenye mafuta, haikati petroli, mshale unatulia huko huko juu, na mteja anashukuru.

Zamani mwanafunzi wa gereji alifundishwa kusikiliza kabla ya kushika spana. Kabureta mbili za Datsun 240Z, aina ileile iliyompa Shekhar Mehta ushindi wa Safari Rally mwaka 1973, zilisawazishwa kwa kipande cha mpira sikioni, ukilinganisha mvumo wa moja na wa mwenzake. Sikio lililolelewa hivyo halidanganywi na 1,300.

Tiba ya mdundo ule haina gharama kubwa. Injini ikiwa baridi, lisimamishe gari kwenye mlima wa Kiriri, pua ikitazama juu. Toa mfuniko wa rejeta, fungua hita mpaka mwisho, washa, na uongeze kulanti taratibu mpaka mapovu yakome. Maji ya bomba yasiingie humo; kutu yake huziba vijia vya vali, na ikishaziba itabidi ifunguliwe na kusafishwa. Mdundo ukishakoma wenyewe, unganisha pini za TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi, hakikisha taiming iko kwenye digrii 10, ndipo bisibisi iguse skurubu ya ralanti.