Mwamba Ngozi Huvutia Kwake: Uhakiki wa Mkoba wa Coach

Wahenga waliposema kuwa mwamba ngozi huvutia kwake, walimkusudia fundi wa ngoma aliyeishika ngozi ingali na maji na kuivuta kuelekea upande wake. Methali hiyo imezoeleka katika mambo ya siasa na mirathi, lakini ina haki ya kurudishwa kwenye ngozi yenyewe. Mkoba wa kike wa thamani ni ngozi iliyowambwa na watu wengi. Fundi huivuta kuelekea kwenye uimara, mwenye hisa kuelekea kwenye faida, na mnunuzi kuelekea kwenye fahari. Anayetaka kujua nani kashinda katika mvutano huo asisome matangazo, bali aiguse ngozi.

Malalamiko kwamba mikoba ya anasa ya leo haina ngozi kama ya jana yamekuwa mengi, na aghalabu hutolewa kwa jumla bila ushahidi. Uhakiki wa haki huhitaji kitu kimoja cha kukitazama kwa muda mrefu. Mikoba ya Coach ya New York inafaa kwa kazi hiyo kuliko mingi, kwa sababu kampuni ni ile ile, jina ni lile lile, na mikoba ya miaka ya 1970 ingali ikibebwa mitaani pamoja na ile iliyotoka dukani jana. Si mikoba ya gharama kubwa kabisa duniani, nayo kampuni imejitangaza kuwa ni anasa inayofikika. Hapo ndipo penye maana, kwa kuwa mabadiliko yaliyofichika vizuri kwa matajiri wakubwa yalitokea kwa Coach hadharani.

Kampuni ilianza mwaka 1941 katika karakana ndogo ya Manhattan, ikitengeneza pochi na vitu vidogo vya wanaume. Miles Cahn na mkewe Lillian, walioimiliki tangu mwaka 1961, ndio walioipa ngozi yake sifa. Cahn aliiangalia glavu ya besiboli, ule mchezo wa Kimarekani wa kudaka mpira kwa mkono uliovishwa ngozi, akaona kuwa glavu hiyo kadiri inavyotumika ndivyo inavyolainika na kung'aa. Akataka mkoba wenye tabia hiyo. Ngozi nene ya ng'ombe ikatengenezwa kwa namna iliyoifanya iwe imara na laini kwa pamoja, na rangi ikazama ndani badala ya kupakwa juu. Mwaka 1962 akaletwa mbunifu Bonnie Cashin, naye akaongeza rangi za kuchangamka na kile kifungo cha shaba cha kuzungusha ambacho hadi leo ni alama ya nyumba hiyo.

Mkoba wa wakati huo una mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni kuwa hauna bitana. Ukiufungua unakutana na mgongo wa ngozi, wenye nyuzinyuzi zake, ulivyo. Bitana ni pambo, lakini pia ni pazia, na fundi asiye na pazia hana pa kuficha ngozi nyembamba wala mshono mbovu. Mshairi analijua jambo hili. Shairi fupi lisilo na maneno ya kujazia mizani humlazimisha mtunzi kulipa kila neno uzito wake.

La pili ni maandishi yaliyogongwa kwenye kipande cha ngozi ndani ya mkoba. Yalieleza mahali ulipotengenezwa na aina ya ngozi, kisha yakasema kuwa makovu, mikwaruzo, mishipa na makunyanzi yanayoonekana ni alama za asili za ngozi ambayo uso wake haukuondolewa. Ni maandishi ya ajabu kwa muuzaji. Kwa kawaida mwenye bidhaa husifu kisichokuwepo na hunyamazia kilichopo. Huyu alimwambia mnunuzi kwamba mnyama huyu aliishi, alikwaruzwa na miba, na alama zake umezinunua pamoja naye. Kwa sentensi chache tu mkataba wa kweli ulifungwa baina ya muuzaji na mnunuzi, na kwa muda mrefu mkataba huo ulitimizwa, hata mkoba mkongwe ukirudishwa kiwandani ukakarabatiwa.

Ili kuona kilichobadilika, ni lazima kujua ngozi ni nini. Ngozi mbichi ikiachwa huoza, na ikikaushwa tu hukakamaa. Njia kongwe ya kuiokoa ni kuiloweka katika maji ya magome. Watu wa mwambao hawahitaji maelezo marefu hapa, maana gome la mkandaa na rangi yake nyekundu si mageni kwao, na wakati wa utawala wa Wajerumani magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yalipakiwa melini kwenda kwenye viwanda vya ngozi vya Ulaya. Njia hiyo huchukua wiki nyingi, na katika mashimo ya magome ya mwaloni yanayotumika hadi sasa kule Devon, Uingereza, huchukua zaidi ya mwaka. Njia ya chumvi za kromi, iliyoenea tangu mwishoni mwa karne ya 19, huifanya kazi hiyo kwa siku moja au mbili. Wapo wanaodhani kuwa uovu wote ulianzia hapo. Hawakusema kweli. Ile ngozi ya ndama iitwayo box, iliyotukuzwa na mafundi wa Paris kwa vizazi, ni ya kromi.

Siri kubwa zaidi imo katika uso. Ngozi nene huchanwa kwa mashine kuwa matabaka. Tabaka la juu, lenye vinyweleo, ndilo lenye nyuzi zilizosongamana, nalo ndilo imara. Uso huo ukiachwa ulivyo, kila kovu litaonekana, na ngozi safi zitakuwa chache na ghali. Lakini unaweza kusuguliwa kwa msasa hadi makovu yafutike, ukapakwa rangi nzito kama ya ukuta, kisha ukagandamizwa kwa bamba la moto lenye chapa ya vinyweleo vya bandia. Hata tabaka la chini, lisilo na uso kabisa, huweza kuvishwa utando wa plastiki na kuuzwa. Zote hizo ni ngozi. Zinatofautiana kwa wakati. Ile ya kwanza hupokea jua, jasho na mafuta ya mkono, ikaiva. Ya pili hukaa kama ilivyotoka dukani mpaka siku utando unapopasuka, na kuanzia siku hiyo haina dawa.

Mwaka 1985 familia ya Cahn iliiuza Coach kwa Sara Lee, shirika lililojulikana zaidi kwa keki na nyama. Wao wenyewe wakageukia kufuga mbuzi na kutengeneza jibini. Mwaka 1996 akaja mbunifu Reed Krakoff, mwaka 2000 hisa zikaanza kuuzwa sokoni, na mwaka 2001 ikatoka mikoba iliyofunikwa kwa herufi C, mingi ikiwa ya kitambaa. Utengenezaji ukahama Marekani kwenda nchi zenye ujira mdogo, zikiwemo China na nyinginezo za Asia. Maduka ya punguzo yakaongezeka, na mikoba mingi iliyouzwa humo haikuwa mabaki ya duka kubwa bali ilitengenezwa mahususi kwa ajili ya humo, kwa ngozi nyepesi zaidi au isiyo ngozi.

Hapa mhakiki hana budi kusimama. Kosa halikuwa kuhama kwa kazi. Mkono wa fundi wa Guangdong haukuwa mzito kuliko wa fundi wa Manhattan, na mikoba mizuri ya Coach ya miaka ya 1990 ilikwisha shonwa Costa Rica bila mtu kulalamika. Kilichobadilika ni kile alichopewa fundi akishone. Wala kitambaa chenyewe si aibu. Louis Vuitton ilianza kutumia turubali lake lenye herufi na maua mwaka 1896, kama kinga dhidi ya waigaji, na vipande vya ngozi asilia vilivyoachwa kwenye mishipi na pembe za mkoba vikaendelea kubadilika kuwa rangi ya asali mbele ya macho ya mwenye nacho. Prada nayo tangu miaka ya 1980 ilifanya nailoni kuwa fahari bila kumdanganya mtu kwamba ni ngozi.

Kosa la Coach lilikuwa la maana. Nyumba iliyojulikana kwa ngozi iliyojieleza yenyewe iliamua kuandika jina lake juu ya kitu kisicho na la kusema. Herufi ikachukua nafasi ya uso. Mkoba wa 1975 hukuhitaji kuusoma kutoka mbali. Uliusogelea, ukaugusa, ukaujua. Mkoba wa 2005 ulisomeka ng'ambo ya barabara, na ulipousogelea haukuongeza neno. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: herufi zilikuwa miguu ya kutembezea.

Watetezi wa mabadiliko wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Kwanza, mikoba ya zamani inayosifiwa leo ni ile iliyosalia. Iliyopasuka na kuoza haipo tena kutoa ushahidi, hivyo kila zama huonekana bora kupitia mabaki yake. Pili, wanunuzi wenyewe walidai walichopata. Walitaka mkoba usiokwaruzika, usioogopa mvua, wenye rangi isiyobadilika, na katika miaka ya 2000 walitaka mkoba mkubwa. Ngozi nene ya glavu katika mkoba mkubwa ingeutesa mkono kabla hata kitu hakijatiwa ndani. Tatu, ngozi safi zimeadimika kweli. Ngozi ni zao la pili la nyama, na Ulaya walaji wa nyama ya ndama wamepungua. Ndiyo maana kampuni kubwa zimekimbilia kununua viwanda vya ngozi vyenyewe. LVMH ilinunua hisa kubwa za Tanneries Roux mwaka 2012, na mwaka 2013 Chanel ikachukua Bodin-Joyeux, na Hermès ikachukua kiwanda cha Annonay. Asiyeogopa kukosa hanunui kisima.

Hoja ya kwanza ni nzuri, lakini haitoshi. Haielezi kwa nini mkoba wa zamani uliosalia umesalia kwa namna hii, yaani umekuwa mzuri zaidi, wakati mkoba wa rangi ya kupakwa, hata ukisalia, husalia kama kitu kilichochakaa. Hoja ya pili inaeleza tamaa ya mnunuzi, lakini haimpi muuzaji ruhusa ya kunyamaza. Kama uso umesuguliwa, aseme. Badala yake soko limejaa maneno "ngozi halisi". Mfasiri anayeyatazama maneno hayo huona kuwa hayasemi lolote zaidi ya kwamba kulikuwa na mnyama. Hayasemi ni tabaka gani, wala uso uko wapi. Neno "halisi" hapo hufanya kazi ile ile ya bitana. Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, lakini nayo yageuka dhidi ya wanaoitoa. Ikiwa ngozi njema ni adimu, basi kilichopaswa kupungua ni idadi ya mikoba, si uso wa ngozi.

Insafu yataka isemwe pia kwamba Coach haikubaki pale. Stuart Vevers, aliyekabidhiwa ubunifu mwaka 2013, alirudi kwenye kumbukumbu za nyumba hiyo na kuirejesha ngozi ya glavu. Mwaka 2021 kampuni ilianza kununua tena mikoba yake mikuukuu, kuikarabati na kuiuza upya. Kuna ungamo la kimyakimya katika biashara hiyo. Kampuni haikarabati na kuuza tena kitu isipokuwa inaamini kuwa kilitengenezwa ili kidumu. Hata hivyo ngozi ya glavu ya leo haiko peke yake kama zamani. Mingi ya mikoba hiyo ina bitana, na imesimama rafu moja na mikoba ya herufi na ya ngozi iliyogandamizwa chapa. Mnunuzi asiyejua kugusa atalipia jina moja na kurudi nyumbani na vitu vitatu tofauti.

Hukumu, basi, si kwamba ya kale yote ni dhahabu. Ni kwamba ubora wa ngozi haupimwi siku ya kununua. Dukani, chini ya taa, uso wa kupakwa hushinda daima, kwa kuwa umefanywa laini kwa siku hiyo moja. Ngozi iliyoachiwa uso wake hushindwa siku hiyo, na huanza kushinda mwaka wa tatu, wa kumi, wa thelathini, pindi kovu la mnyama na kwaruzo la mbebaji vinapochanganyika hata visitenganike. Kilichopotea katika mikoba mingi ya anasa ni subira ya kumwachia mnunuzi sehemu ya kazi aimalize mwenyewe kwa mkono wake na miaka yake. Mwenye kuiwamba ngozi ataendelea kuvutia kwake. Lililo juu ya mnunuzi ni kuushika upande wa pili, na kuuliza kabla ya kulipa: uso wake uko wapi?